Askari na Wapagazi wa Mahiwa

Mtoto akaaye Upanga, akitumwa sokoni Kariakoo, hulitaja jina la mahali pale bila kuuliza maana yake. Jina hilo si la Kizaramo wala la Kiarabu. Lilikuwa jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa jeshi. Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam, mwezi wa Septemba 1916, wapagazi hao walipiga kambi pale. Na wenyeji wakalitamka jina la kikosi kwa namna yao, likawa Kariakoo. Basi tuwafuate wapagazi hao na askari waliokwenda nao, tuone kazi waliyoifanya katika pigano moja.

Vita Kuu vilianza Ulaya mwaka wa 1914, vikafika Afrika upesi. Wadachi walikuwa wakitawala Tanganyika, na Waingereza Kenya, Uganda na Nyasa. Wazungu wa pande zote mbili walikuwa wachache, kwa hiyo waliobeba bunduki walikuwa hasa Waafrika. Kwa Wadachi walikuwako Wanyamwezi, Wasukuma na wengineo. Kwa Waingereza walikuwako askari wa Keya, tena wakaja askari kutoka Nijeria, wengi wao wakisema Kihausa.

Hata mwezi wa Oktoba 1917, Wadachi walikuwa wamesukumwa mpaka bara ya Lindi. Jemadari wao, Lettow-Vorbeck, aliwapanga watu wake 1,500 hivi huko Mahiwa, karibu na Nyangao. Waingereza walikuwa na watu karibu 5,000. Askari wa Nijeria walipelekwa kuzunguka nyuma, ili wawakatie adui njia. Lakini wakazungukwa wao wenyewe. Wakachimba mahandaki, wakakaa humo. Maji yakawaishia, na chakula na risasi zikapungua. Walakini hawakusalimu amri. Wenzao nao waliushambulia mstari wa mbele tena na tena, na bombomu za Wadachi zikawaangusha kama majani ya kufyekwa. Wale waliozishika bombomu hizo walikuwa Waafrika pia, nao walisimama imara vivyo hivyo.

Pigano lilidumu siku 4, tangu tarehe 15 hata tarehe 18. Waingereza walipungukiwa na watu zaidi ya 2,000, waliouawa na waliojeruhiwa. Wadachi watu 500 hivi. Ukihesabu hivyo, Wadachi walishinda. Lakini Lettow-Vorbeck hakuwa na watu wengine wa kujaza nafasi za waliopotea, wala risasi za kutosha. Mwezi uliofuata aliuvuka mto Ruvuma, akaingia Msumbiji.

Je, risasi na unga wa askari vilifikaje porini? Reli haikufika huko, na ng'ombe, farasi na punda walikufa kwa sababu ya mbung'o. Basi mzigo uliwekwa juu ya kichwa cha mtu. Waingereza peke yao waliandika wapagazi wapatao 1,000,000 katika vita vile, na wengi walichukuliwa kwa nguvu vijijini mwao. Walitembea katika mvua na matope, wakilala bila hema, wakila unga ambao haukupikwa ukaiva. Kuhara damu, homa na kichomi viliwaua wengi kuliko risasi. Kwa hesabu ya serikali yenyewe walikufa zaidi ya 90,000. Hao hawakupigana na mtu, wala hawakuwa na ugomvi na Mdachi wala Mwingereza.

Mwaka wa 1927 sanamu ya shaba ya askari ilisimamishwa katikati ya mji wa Dar es Salaam, akiwa ameshika bunduki yenye singe. Maandishi yaliyo chini yake yanawakumbuka askari, wapagazi na wengine waliokufa. Ni heshima njema. Lakini hakuna jina la mtu hata mmoja. Afisa wa Kizungu aliyekufa katika vita vile aliwekewa jiwe lenye jina lake. Mpagazi aliyekufa njiani alizikwa kando ya njia, na mwitu ukamfunika. Mwaka wa 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu zaidi ya 100,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Tume ikaomba radhi. Ilikuwa imepita miaka zaidi ya 100.

Basi, ewe msomaji, utumwapo tena Kariakoo, kumbuka ya kuwa unalitaja jina lao. Na ukiwa na mzee nyumbani, muulize kama babu yake alichukuliwa kubeba mizigo ya vita. Akikutajia jina, liandike katika daftari lako, na jina la kijiji chake, ulitunze.