Doa Jekundu la Lugha: Jinsi Picha za Ubongo Zinavyolinganishwa

Wanafunzi wetu wa isimu-saikolojia huonyeshwa mchoro wa ubongo wenye doa jekundu upande wa kushoto, wakaambiwa kwamba hapo ndipo lugha ilipo. Mara nyingi doa hilo si la mtu yeyote. Ni wastani wa watu wengi, na kabla ya wastani huo kupatikana, kila ubongo ulizungushwa, ukavutwa na kubanwa hadi ukalingana na ubongo mmoja wa kigezo. Mwalimu anayelitumia darasani hana budi kujua lilikotoka.

Mashine ya MRI huugawa ubongo katika visanduku vidogo, kwa kawaida vya milimita 2 au 3 kila upande, viitwavyo vokseli. Katika kila kimoja hufuatilia mabadiliko ya oksijeni katika damu wakati mtu anaposoma au kusikiliza. Lakini vichwa havifanani. Vokseli iliyo kwenye mkunjo fulani kwa mtu mmoja huweza kuangukia mkunjo mwingine kabisa kwa mwenzake.

Kwa hiyo kazi huanza kwa mtu mmoja mmoja. Kwanza hurekebishwa mitikisiko ya kichwa. Kisha picha za utendaji, ambazo zina ukungu, hulinganishwa na picha ya umbo la ubongo wa mtu huyohuyo, iliyo wazi zaidi. Picha hii ya umbo ndiyo inayofananishwa na kigezo: kwanza ubongo mzima husogezwa, huzungushwa na kukuzwa au kupunguzwa, halafu sehemu ndogondogo huvutwa moja moja. Hesabu zinazopatikana hapo hutumika kuzihamisha picha za utendaji. Mwishowe picha hulainishwa, yaani kila vokseli huchanganywa na jirani zake, ili tofauti zilizobaki zisisumbue.

Na kigezo chenyewe je? Atlasi ya Talairach na Tournoux ya mwaka 1988, iliyotumika kwa miaka mingi, ilitokana na ubongo wa marehemu mmoja, mwanamke wa miaka 60. Baadaye taasisi ya neva ya Montreal, nchini Kanada, ilitengeneza vigezo vya wastani, kimoja kutokana na watu 305 na kingine watu 152. Hivi ni vikubwa kidogo kuliko ubongo wa Talairach, hivyo namba zilezile hazionyeshi mahali palepale. Makala isiyotaja kigezo chake tunaiona sawa na kamusi isiyotaja lahaja.

Jambo hili si geni kwetu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Vitabu vikasomeka pwani na bara, lakini msemaji wa Kimvita au wa Kingwana akajikuta mbali na kigezo. (Bila shaka lahaja hazikuvutwa kwa kompyuta.)

Hasara iko hapa: maeneo ya lugha katika sehemu ya mbele ya ubongo yanapakana na maeneo yanayoshughulikia kazi yoyote ngumu, hata isiyo ya lugha, na mipaka yake hutofautiana baina ya watu. Wastani huyachanganya. Mwaka 2010 Evelina Fedorenko na wenzake walipendekeza kila mtu asome kwanza sentensi, kisha maneno yasiyo na maana. Tofauti kati ya hayo mawili huonyesha maeneo yake mwenyewe. Kigezo hubaki kuonyesha tu mipaka mipana ya kutafutia.

Njia hiyo ilitumika katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022, wa lugha 45 kutoka familia 12, Kiswahili kikiwemo. Washiriki walisikiliza vipande vya hadithi ya Alice katika lugha zao. Mtandao uleule wa upande wa kushoto ulijitokeza katika lugha hizo. Lakini lugha nyingi ziliwakilishwa na watu 2 tu, idadi isiyotosha kumwambia mwanafunzi kwamba wasemaji wa Kiswahili, kama kundi, wanatofautiana na wasemaji wa Kifaransa au wanafanana nao.