Utii Haupimwi kwa Rangi

Msafiri atokaye Mbeya kwenda Tunduma hupita Mbozi, nchi ya kahawa. Mara mbili katika karne iliyopita Wajerumani waliokaa huku waliulizwa swali moja: mioyo yenu iko wapi, hapa au kwenu Ulaya?

Mara ya kwanza ilikuwa katika Vita Kuu ya 1914. Misheni ya Wamoravian ilikuwa imefunguliwa Mbozi mwaka 1899 na Traugott Bachmann, aliyejifunza Kinyiha hata akalitafsiri Agano Jipya katika lugha hiyo. Mei 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yaliingia kutoka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Wamisionari Wajerumani wakachukuliwa wafungwa. Mwanzo wa Novemba 1918 Jenerali von Lettow-Vorbeck alivuka mpaka akaishambulia Fife, kisha tarehe 25 akasalimu amri Abercorn. Katika pande zote mbili mizigo ilikuwa vichwani mwa Waafrika, na Wanyamwanga, waliogawanywa na mpaka huo wa wakoloni, hawakuulizwa lolote. Fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi.

Kuanzia 1925 Wajerumani waliruhusiwa kurudi. Kufikia 1939 walikuwa wapatao 3,000 katika Tanganyika, na baadhi yao walikuwa na mashamba katika Nyanda za Juu za Kusini. Hitler alikuwa akidai makoloni yarudishwe, na chama chake kilikuwa na matawi papa hapa. Septemba 3, 1939 vita vilipotangazwa, wanaume wa Kijerumani walikamatwa. Mwaka 1940 mamia walirudishwa kwao. Wengine walitiwa kambini, na mashamba yakawekwa chini ya Msimamizi wa Mali ya Adui.

Hatusemi kwamba kila Mjerumani alimfuata Hitler. Lakini serikali ya kikoloni haikupima moyo wa mtu mmoja mmoja. Ilitazama taifa lake tu.

Je, ni nani waliobaki na kazi? Ni wenyeji. Wakristo wa Kiafrika waliendelea kusali na kufundisha wakati wachungaji wao wa kigeni walipokuwa kifungoni. Wafanya kazi waliendelea kuchuma kahawa. Na Watanganyika zaidi ya 80,000 walivaa sare wakapelekwa mpaka Uhabeshi, Madagaska na Burma, kumtumikia mfalme wasiyemchagua.

Kwa hiyo, Oktoba 1961, Bunge letu lilipojadili uraia, wako waliotaka rangi iwe kipimo. Machungu yao yalieleweka. Mwalimu Nyerere alikataa, akasimama imara kwamba kipimo kiwe utii kwa nchi, akawa tayari kujiuzulu kuliko kukubali ubaguzi. Serikali huru ilikataa kosa la mkoloni, la kumhukumu mtu kwa asili yake.

Leo Tunduma ni mlango wa mataifa mengi. Madereva, wachuuzi na wahamiaji hupita usiku na mchana, na wengine hubaki. Hatuna budi kuwa macho, kwani mwenye kupokea amri za ugenini dhidi ya nchi inayomlisha ni hatari kweli kweli. Lakini tusimwulize mtu babu yake alizaliwa wapi. Tutazame siku ya shida anabeba mzigo gani pamoja nasi. Huo ndio utii, nao humpasa mgeni na mwenyeji sawasawa.