Mashindano ya Magari ya Kawaida

Msomaji akaaye Nachingwea au Ruangwa bila shaka amekwisha kuona lori likikata kona katika barabara ya vumbi. Dereva hupunguza mwendo, abiria huegemea upande wa nje, na nyuma hubaki wingu jekundu. Katika jambo hilo dogo zimo kanuni zile zile zinazotawala mashindano makubwa ya magari duniani.

Mashindano ya magari ya kawaida ni yale ambayo, kwa asili yake, hutumia magari ya aina iuzwayo madukani kwa watu wote, si magari yaliyobuniwa kwa mbio tu. Mchezo huu ulikua kusini mwa Marekani. Hapo mwanzo haukuwa na utaratibu: kila mwandaaji alikuwa na kanuni zake, na baadhi yao walitoroka na fedha za zawadi. Mwaka 1948, chini ya uongozi wa Bill France, kiliundwa chama kiitwacho NASCAR ili pawe na kanuni za aina moja, wakaguzi, na bingwa atambuliwaye na wote.

Kanuni hizo zilijaribiwa mapema. Tarehe 19 Juni 1949, mjini Charlotte, Glenn Dunaway alimaliza wa kwanza. Wakaguzi walipolichunguza gari lake, walikuta springi zimebadilishwa. Akanyimwa ushindi, nao akapewa Jim Roper. Tangu siku hizo magari hukaguliwa kabla na baada ya mbio. Hata hivyo, magari ya NASCAR ya leo yanafanana na ya dukani kwa sura tu. Ndani yameundwa mahsusi kwa mashindano.

Katika mbio hizo magari huondoka kwa pamoja, yakazunguka uwanja kwa idadi ya mizunguko iliyowekwa. Kila dereva hupata pointi kulingana na nafasi yake, na pointi za msimu husaidia kumpata bingwa. Katika uwanja wa Daytona, uliofunguliwa mwaka 1959, mzunguko mmoja una urefu wa kilometa 4, na kona zake zimeinuliwa upande wa nje kwa nyuzi 31. Kwa nini? Gari likatapo kona huhitaji kani ya kulivuta kuelekea kitovu cha duara. Katika barabara tambarare kani hiyo hutokana na msuguano wa matairi peke yake. Kona ikiinuliwa, barabara yenyewe husaidia kulisukuma gari ndani.

Afrika Mashariki ilikuwa na njia yake. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya Safari, yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yalikuwa ya dukani, na yaligawanywa katika madaraja kwa bei yake. Hapa magari hayaondoki pamoja: huachiana muda, na kila kuchelewa huhesabiwa. Bert Shankland wa Tanzania, pamoja na Chris Rothwell, alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Mwaka 1968 mvua na matope viliacha magari 7 tu yakimaliza.

Kwa miaka mingi barabara za Safari hazikufungwa. Washindani walikutana na mabasi, baiskeli na mifugo. Mashindano hayo yaliondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002. Yaliporudi katika ubingwa huo mwaka 2021, nchini Kenya, sehemu za mbio zilifungwa kwa magari mengine.

Badiliko hilo lina funzo kwetu. Mwendo ukiongezwa mara mbili, kani ihitajiwayo katika kona ile ile huongezeka mara nne. Vivyo hivyo umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki. Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili: afunge fundo la kitambaa kwenye uzi, alizungushe polepole, kisha kwa kasi, na wanafunzi wahisi mkononi jinsi uzi uvutavyo.

Dereva wa mashindano ana mkanda, kofia ngumu, wakaguzi na njia iliyofungwa. Kijana aendeshaye pikipiki kwa kushindana na wenzake kati ya Nachingwea na Ruangwa hana hata kimoja kati ya hivyo, ila mchanga chini ya matairi na watoto watokao shuleni mbele yake. Kanuni za kani ni zile zile. Kinachokosekana ni ulinzi.