Karata za Eastlands: Mchezo wa Hesabu, Fedha Ikiingia ni Kamari

Mtu wa pwani anayefika Nairobi na kupita mitaa ya Eastlands, kuanzia Pumwani na Majengo hadi Kaloleni, Jericho na Umoja, huenda akawasikia vijana waliokaa kibarazani wakisema wanacheza "poka". Bila shaka atashtuka na kuleta istighfari. Lakini asifanye haraka. Poka ya mitaa hii siyo ile ya Las Vegas. Ni mchezo mwingine kabisa, ambao wengi huuita "kadi", kwa sababu anayekaribia kumaliza hana budi kutangaza: "Niko kadi!"

Karata si ngeni kwetu. Neno lenyewe ni la Kireno, kama yalivyo majina ya aina zake nne: shupaza, kopa, uru na pau. Wareno walifika Mombasa mwaka 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, na wakafukuzwa humo mwaka 1698. Ngome ilibaki, na karata nazo zikabaki. Wazee wetu wakacheza wahedi wa sitini, mchezo ambao jina lake ndilo hesabu yake. Huku bara vijana husema Esi pale tunaposema ree, na wengine huiita pau "maua", lakini kopa ni kopa.

Nimekaa na wachezaji wa mitaa hii jioni nyingi, na nawaeleza wasomaji nilivyouelewa mchezo. Kila mtu hugawiwa karata chache, mara nyingi nne. Unatupa karata inayolingana na iliyo juu, ama kwa nambari ama kwa aina, na asiye nayo huokota. Karata ya 2 humtwika jirani kuokota mbili, ya 3 humwokotesha tatu, na jokeri tano. Jeki humruka aliye zamu, Kingi huirudisha zamu ilikotoka. Ya 8 na Kwini ni maswali: ukitupa swali, ulijibu mwenyewe kwa karata ya aina ile ile, au uokote. Ree hubadili aina na huzuia adhabu. Kanuni hutofautiana kidogo kutoka kibaraza hadi kibaraza, kwa hiyo mwenye busara huuliza kabla karata hazijagawiwa, hasa siku ya mashindano. Ugomvi mwingi huzuka kwa jambo ambalo lingeulizwa mapema.

Sasa, mshindi hushindaje? Kwanza, hutazama zaidi ya anavyotupa. Jirani akiokota palipohitajika pau, amekwambia kwa kinywa kilichofumbwa kwamba hana pau. Lishike hilo, kisha mrudishie pau wakati wa shida yake.

Pili, haharakishi ree. Zipo nne tu katika karata 52. Mwanafunzi huitupa mapema kwa sababu imemjia mkononi, na bingwa huiweka hadi mzigo wa adhabu umfikie au aina anayoitaka iwe ndiyo mlango wa kutokea.

Tatu, hupanga mwisho tangu mwanzo. Katika vibaraza vingi huruhusiwi kumaliza kwa karata ya kazi, kama vile 2 au Jeki, bali kwa karata ya kawaida kama 6 au 9. Mwenye 8 ya kopa, Kwini ya kopa na 6 ya kopa ameshika swali, swali na jibu, naye anaweza kuziteremsha zote kwa pigo moja. Na ukitangaza "niko kadi", kila mtu hugeuka adui yako. Basi tangaza ukiwa na njia mbili: ukishika 6 ya kopa na 6 ya pau, aina yoyote kati ya hizo mbili ikija, umetoka.

Nne, adhabu haipigwi ovyo. Kumtwika 2 mtu mwenye karata kumi ni kumwongezea silaha. Mpige aliyebakiwa na moja. Na mkibaki wawili tu, kumbuka kwamba Jeki humruka mwenzako na zamu ikakurudia.

Mchezo huu umeingia katika simu pia. Huko huoni jicho linalopepesa wala mkono unaositasita, kwa hiyo kumbukumbu ndiyo jicho lako. Simu pia huharakisha mambo. Aliyechoka afunge, kwa kuwa mchezo wa pili humjia kabla hajafikiri makosa ya kwanza.

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye jambo lenyewe. Vitabu vya madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu pwani, hutofautisha mchezo unaosimama juu ya hesabu na fikra na ule unaosimama juu ya kubahatisha tu. Kadi iko upande gani, na kwa kiasi gani, nawaachia masheikh, na inajulikana kwamba mchezo unaompitishia mtu wakati wa sala hautetewi na yeyote. Lakini fedha ikiwekwa mezani, mjadala umekwisha. Hiyo ni maisiri iliyokatazwa katika Suratul-Maida, aya ya 90 na 91, nayo aya ya pili hutaja uadui na chuki kuwa matunda yake.

Hata asiyefuata dini yetu anaweza kulihakikisha jambo hili kwa hesabu. Katika poka ya Las Vegas, kupewa ree mbili mwanzoni hutokea mara moja katika 221, na kila mchezo wa fedha mwenye meza hukata ada yake. Wachezaji wakilingana ujuzi, wote hupoteza taratibu, na mwenye meza hunenepa. Ubashiri wa mpira ni vivyo hivyo. Sarafu ikirushwa, malipo ya haki ni shilingi 2 kwa 1. Ukilipwa 1.90, kila shilingi uliyoweka imekatwa senti 5 kabla sarafu haijatua. Na mkeka wa mechi 17, kila moja ikiwa na matokeo matatu, una njia 129,140,163. Hakuna mbinu ya kibarazani inayotosha hapo.

Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, fedha na simu zimekuwa kitu kimoja. Mwezi Aprili 2025 serikali ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, na mwaka huo huo sheria mpya ikachukua nafasi ya ile ya mwaka 1966. Sheria ina kazi yake. Lakini katika Eastlands nimeona kijana aliyezihesabu karata zote 52 kichwani bila kukosea, na kodi ya chumba chake ikateketea kwa simu usiku mmoja. Akili hakukosa. Aliipeleka mahali ambapo haikuwa na kazi.

Kwa hiyo wazazi wa pwani wenye watoto Nairobi wasiulize tu, "Unacheza karata?" Waulize, "Mezani pana nini?" Pakiwa na karata na maskhara, hiyo ni jioni ya vijana. Pakiwa na shilingi, hata moja, mwambieni mwanangu, inuka.