Mkora Anakutaka Ukiwa Mbio

Meseji inaingia usiku: "Niaje, aki nimetuma namba sita kwa laini yako kimakosa, nirushie chap, niko kwa shida." Jina ni ya beshte yako wa klasi, picha ni yake, hata venye anaandika ni yeye kabisa. Unacheki SMS, na kweli kuna namba sita zimetoka WhatsApp. Unazirusha. Kidogo kidogo umetupwa nje ya WhatsApp yako, na msee humjui anaandikia mathe, anti na mbogi yote ya klasi akiwaomba ngiri moja ya haraka.

Wasee, hapo hakuna kompyuta ilivunjwa. Mkora aliweka apu kwa simu yake, akaandika namba yako, WhatsApp ikatuma namba sita kwa laini yako juu hivyo ndio inajuanga mwenye laini ni nani. Kitu ilikuwa imebaki ni wewe tu umpee. Na huyo beshte "aliyekuandikia" hakuwa yeye. Alikuwa ashachezwa vile vile, akaunti yake ndio ikatumika kukufikia.

Wizi mwingi wa intaneti unapitia kwa mtu, haupitii kwa mashini. Mkora anahitaji vitu mbili kutoka kwako: haraka, ndio usifikirie, na aibu, ndio usiambie mtu. Ukimnyima hizo mbili, job yake inakuwa ngumu sana.

Tuanze na haraka. Hizo namba sita hazipewi mtu, hata awe siz yako. Mtu akiomba, mpigie simu ya kawaida uskie sauti yake kwanza. Halafu ingia kwa setingi za WhatsApp, upande wa akaunti, uweke PIN ya hatua ya pili. Ukishaiweka, hata mkora akipata namba sita za SMS, bado ataulizwa PIN yenye iko kwa kichwa yako pekee.

Ile stori ya "nimekutumia doh kimakosa, nirudishie" iko hivyo hivyo. Meseji ya ukweli inatoka kwa jina MPESA, haitoki kwa namba ya mtu. Usihesabu pesa kwa meseji, cheki balansi. Na kama kweli alikosea, ako na njia yake: anatuma ile meseji ya M-PESA kwa 456 na Safaricom inashughulikia. Wewe huna haja ya kukimbia. Meseji ya wakora nayo irushe 333, ni bure.

KCSE ikikaribia, Telegram inajaa magrupu ya kuuza peipa. Unatuma ganji, unarushiwa peipa ya kitambo yenye imebadilishwa tarehe, ama unablokiwa papo hapo. Na huwezi enda kwa karao kusema umechezwa, juu wewe mwenyewe ulikuwa unanunua mtihani. Mkora anajua hiyo poa sana. Amekushika na haraka ya mtihani, halafu akakufungia na aibu.

Sasa twende saiba. Umemaliza fomu foo, uko hapo kuaplai HELB ama kucheki mambo ya KUCCPS. Laini ni ndefu, watu wanakusukuma. Brauza inauliza kama ihifadhi paswadi, unabonyeza ndio ndio umalize. Kitambulisho yako imeskaniwa ya mbele na ya nyuma, inabaki kwa ile folda yenye kila mtu anafungua. Mwenye atakaa kwa hiyo kiti baada yako ako na jina yako, namba ya kitambulisho na mlango wa akaunti. Form ni hii: kataa kuhifadhi paswadi, futa faili zako hadi kwa pipa la takataka la kompyuta, toka kwa akaunti kabla usimame. Na kama jamaa wa saiba ndiye alikufungulia imeili, badilisha paswadi siku hiyo hiyo ukiwa kwa simu yako.

Waifai ya bure nayo? Mtu yeyote anaweza washa hotspoti na aiite jina ya hoteli ama ya shule yenu. Usiamini jina. Ukiona kufuli juu ya skrini, inamaanisha kile unaandika kimefichwa kikiwa njiani. Haimaanishi mwenye hiyo tovuti ni msee msafi. Soma anwani yenyewe, herufi kwa herufi, kabla uandike paswadi.

Kuna pahali pamoja tu penye haraka ni poa: apdeti. Mei 2017, virusi ya WannaCry ilifunga kompyuta kwa nchi zaidi ya 100, na huko Uingereza hospitali zikalazimika kurudisha wagonjwa nyumbani. Microsoft walikuwa wametoa dawa ya hiyo shimo tangu Machi. Wenye walisema "nitafanya baadaye" ndio walilia. Hizo kompyuta za lab ya shule, zenye kila mtu anadunga flashi yake, ndizo zinahitaji apdeti kushinda zote. Msumbueni odijo wa kompyuta hadi azifanye.

Halafu kuna ile kitu watu hawapendi kuongelea. Msupa ama chali alituma picha ya mwili wake kwa mtu alikuwa anamwamini, na sasa anaambiwa alipe ama isambazwe. Kama ni wewe, skia: usilipe, juu ukilipa mara moja atarudi. Usifute meseji, piga skrinshoti, hiyo ndio ushahidi. Ambia mtu mzima mmoja mwenye unamwamini. Kama uko chini ya miaka 18, piga 116, laini ya watoto, bure, usiku na mchana. Na kama hiyo picha ilipigwa ukiwa chini ya miaka 18, kuna huduma ya bure inaitwa Take It Down. Simu yako inatengeneza alama ya namba kutoka kwa hiyo picha, alama ndio inatumwa, picha inabaki kwako, na mitandao kama Facebook na Instagram inaitumia kuitafuta na kuitoa.

Sheria pia iko upande wako. Sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 inasema mwenye anasambaza picha ya siri ya mtu anaweza pigwa faini hadi shilingi 200,000 ama jela hadi miaka 2, ama zote. Na hiyo inashika hata msee mwenye "alirusha tu kwa grupu". Kama mwenye picha ni mtoto, adhabu inapanda hadi miaka 25.

Kwa hivyo mambo mengine iko kwa sisi wenyewe. Beshte yenu akichezwa, msimcheke. Picha ikiingia kwa grupu, isiishie kwa simu yako na kicheko, ifute na umshtue mwenyewe. Mbogi yenye mtu anaweza sema "wasee, nimetuma ile namba, nifanye?" bila kuogopa kuitwa fala, hiyo mbogi inaweza mrudishia akaunti kabla mathe atume ile ngiri.