Kwa nini mwalimu wa Sayansi hurudi darasani wakati wa likizo

Shule zinapofungwa mwezi wa Aprili au Agosti, wakazi wengi wa Makueni huona jambo linalowatatiza. Wanafunzi wamekwenda nyumbani, lakini walimu wa Hisabati, Fizikia, Kemia na Biolojia wanakusanyika katika shule moja wakiwa na madaftari na kalamu. Swali huulizwa wazi katika mikutano ya wazazi: mwalimu aliyehitimu na kuajiriwa anafundishwa nini tena, na ni nani anayelipa?

Mafunzo hayo kazini yana historia ndefu hapa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1998, Serikali ya Kenya ikishirikiana na Shirika la Ushirikiano wa Kimataifa la Japani, JICA, ilianzisha mradi wa kuimarisha ufundishaji wa Hisabati na Sayansi katika shule za upili. Mradi huo ulijulikana kwa jina la SMASSE, na walimu wengi bado huyaita mafunzo hayo hivyo. Wilaya 9 zilichaguliwa kwa majaribio: Makueni, Kajiado, Murang'a, Maragua, Kakamega, Lugari, Butere-Mumias, Gucha na Kisii ya Kati. Kuanzia mwaka 2003 mradi ulipanuliwa kote nchini, na kuanzia 2009 shule za msingi nazo zikaingizwa. Leo kazi hiyo inasimamiwa na CEMASTEA, kituo cha Wizara ya Elimu kilichoko Karen, Nairobi, ambacho pia kimepokea walimu na wakufunzi kutoka nchi nyingine za Afrika.

Kabla ya kumfunza mwalimu yeyote, waliobuni mradi walifanya utafiti katika wilaya zilizochaguliwa. Walitaka kujua kwa nini wanafunzi walikuwa wakifanya vibaya katika masomo hayo mwaka baada ya mwaka. Jibu lililotarajiwa na wengi ni kwamba maabara hakuna. Ni kweli vifaa vilikuwa haba, lakini utafiti ulionyesha mambo mengine yenye uzito uleule. Mwalimu alizungumza kipindi kizima huku wanafunzi wakinakili. Walimu na wanafunzi waliamini tangu mwanzo kwamba Hisabati na Sayansi ni za wachache wenye vipaji. Baadhi ya mada ziliwapa walimu wenyewe shida. Tena walimu wa somo moja hawakuwa na mahali pa kukutana na kuulizana, hivyo kila mmoja alibaki na makosa yake.

Ndiyo maana mafunzo ya kwanza hayakuanza na kemikali wala mikroskopu. Yalipangwa kwa awamu nne, kila moja ya siku 10, wakati wa likizo. Awamu ya kwanza ilihusu mtazamo wa mwalimu na mwanafunzi kuhusu somo. Ya pili ilihusu shughuli za vitendo, ya tatu kuzipeleka darasani, na ya nne kuangalia kama mwanafunzi amefaidika.

Njia iliyofundishwa hujulikana kwa walimu kwa herufi nane, ASEI-PDSI. Herufi nne za kwanza zinasimamia mambo manne ya somo zuri: kuwe na shughuli, mwanafunzi awe katikati, kuwe na jaribio, na pale kifaa cha kununua kinapokosekana, kibuniwe kutokana na vitu vilivyopo. Nne za mwisho ni kazi ya mwalimu: panga, fundisha, tazama kilichotokea, boresha. Ukizisikia tu, herufi hizo hazikuambii mengi. Maana yake huonekana vizuri katika somo lenyewe.

Chukua mfano wa bwawa la mchanga, ambalo mtoto wa Makueni analijua kabla hajaanza shule. Ukuta hujengwa kukata mto wa msimu, mvua huleta mchanga unaojaa nyuma yake, na maji hukaa ndani ya mchanga ambako jua haliwezi kuyanyonya kwa urahisi. Mwalimu anayefundisha kwa mazoea ataandika ubaoni kwamba mchanga una nafasi kati ya chembe zake na kwamba nafasi hizo hushika maji. Wanafunzi watanakili, na katika mtihani wataandika hivyohivyo.

Mwalimu aliyepanga somo kwa njia ile nyingine atakuja na chupa za plastiki zilizokatwa shingo, mchanga mkavu wa mtoni, mchanga laini, na udongo wa mfinyanzi. Kabla ya jaribio, kila kikundi kitaandika makadirio yake: lita moja ya mchanga itameza maji kiasi gani? Hatua hii haipaswi kurukwa, kwa sababu mwanafunzi aliyekadiria ana hamu ya kujua kama amepata au amekosa. Kisha maji yanamiminwa polepole hadi yafike usawa wa mchanga. Tuseme yameingia mililita 350. Hiyo ni asilimia 35 ya ujazo wa mchanga, na hapo darasa la Sayansi limeingia katika Hisabati bila mlango kubishwa.

Jaribio halijaisha. Chupa inatobolewa chini, maji yanayotoka yanakingwa na kupimwa tena. Hayatakuwa mililita 350. Tuseme ni 250. Zile 100 zimekwenda wapi, na chupa haivuji? Swali hili ndilo kiini cha somo, na jaribu kubwa la mwalimu ni kulijibu yeye mwenyewe. Akinyamaza dakika mbili, mwanafunzi mmoja ataugusa mchanga, atauona umelowa, na kusema maji yamenata kwenye chembe. Kikundi cha mchanga laini kitagundua kwamba wao wamebakiwa na maji mengi zaidi, na wale wa udongo wa mfinyanzi watakuwa bado wanangoja tone la kwanza.

Halafu hesabu inapelekwa mtoni. Bwawa lenye mchanga wa urefu wa mita 50, upana wa mita 10 na kina cha wastani cha mita 2 lina mita za ujazo 1,000 za mchanga. Kwa asilimia 35, linashika lita 350,000 za maji. Lakini yanayoweza kutekwa kwa asilimia 25 ni lita 250,000. Tofauti ya lita 100,000 ni mitungi 5,000 ya lita 20. Mwanafunzi aliyefanya hesabu hii anaelewa kwa nini ukuta unaokusanya tope badala ya mchanga mnene ni hasara kwa kijiji kizima, hata ukijaa hadi juu.

Vivyo hivyo kwa mteremko. Mada ya gredienti huwasumbua wanafunzi wengi kwa sababu huanza na mistari kwenye karatasi ya grafu. Mashamba yenye matuta ya fanya juu yamejaa mada hiyo. Wakulima hupima usawa wa tuta kwa fimbo mbili za urefu mmoja, kamba na pima maji. Darasa likitoka nje na vifaa hivyo vitatu, wanafunzi watapata kupanda na umbali kwa mikono yao, na mstari wa grafu utakaporudi ubaoni utakuwa na sura wanayoijua. Hakuna maabara inayohitajika. Kinachohitajika ni mwalimu aliyepata nafasi ya kulijaribu somo hilo mbele ya walimu wenzake kabla ya kulipeleka kwa watoto 50.

Nafasi hiyo ya kujaribu ndiyo sehemu iliyokuwa dhaifu katika mpango wa awali. Mafunzo yalishuka kwa ngazi: wakufunzi wa kitaifa waliwafunza wakufunzi wa wilaya, nao wakawafunza walimu. Kwa njia hiyo maelfu ya walimu walifikiwa kwa muda mfupi. Lakini mkulima wa chini mferejini anajua kinachotokea kwa maji yanayopita mashamba mengi. Tena mwalimu aliyerejea shuleni na mawazo mapya alikuta silabasi isiyoisha, vipindi vya dakika 40 na mtihani unaokaribia. Wengi walirudia chaki na kunakili, na si haki kusema ni kwa uvivu.

Kwa sababu hiyo mkazo umekuwa ukihamia kwenye utafiti unaofanywa na walimu ndani ya shule yao. Wajapani wana jina la kazi hii, jugyō kenkyū, yaani utafiti wa somo, na mizizi yake inarudi hadi karne ya 19. Utaratibu wake hauna makuu. Walimu watatu au wanne wa somo moja huchagua mada inayowashinda wanafunzi wao na kupanga kipindi kimoja kwa pamoja. Mmoja hufundisha, wengine hukaa darasani na kutazama. Hawamtazami mwalimu. Wanawatazama wanafunzi: nani alikwama, katika hatua gani, ni swali gani lililowafungua midomo. Baadaye hukaa pamoja, hurekebisha mpango, na mwingine huufundisha katika darasa jingine.

Zambia, ambayo ni mwanachama wa mtandao uleule ulioanzia Kenya, ilianza kwa njia hii mwaka 2005 katika Mkoa wa Kati, kisha ikaieneza katika mikoa mingine. Nchini Kenya CEMASTEA pia huifundisha. Ugumu wake hapa uko wazi: shule ndogo ya kutwa inaweza kuwa na mwalimu mmoja tu wa Fizikia, naye hana wa kupanga naye. Shule kama hizo hulazimika kuungana na jirani zake, na hapo ndipo ruhusa ya mwalimu mkuu na nauli ya mwalimu huamua kama jambo litafanyika au litabaki kwenye ratiba.

Sasa kuhusu malipo. Tangu mwanzo, mafunzo ya ngazi ya wilaya yaligharimiwa na fedha za shule zenyewe, si na mfadhili pekee. Katika mgao wa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa shule ya upili ya kutwa ulioanza mwaka 2018, shilingi 200 zilitengwa kwa ajili ya SMASSE. Shule ya wanafunzi 300 ina maana ya shilingi 60,000 kwa mwaka. Fedha hizo ni za umma, na mzazi ana haki ya kuuliza zimemfunza nani na kipi kimebadilika darasani.

Ni vyema pia kujua ni ofisi ipi inayohusika. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, shule za msingi na za upili, mtaala na mitihani ni kazi ya Serikali ya Kitaifa, na walimu wake huajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC. Serikali ya Kaunti inasimamia chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Hivyo mwakilishi wadi hawezi kumhamisha wala kumpandisha cheo mwalimu wa Kemia, ingawa maombi ya aina hiyo humfikia.

Lakini Hisabati haianzi Kidato cha Kwanza. Mtoto wa chekechea anayepanga mbegu za ndengu katika mafungu ya tano tano anajifunza kuhesabu kwa njia ileile ya shughuli na vifaa vya karibu, na mwalimu wake ni wa kaunti. Mkufunzi wa uashi anayemwonyesha kijana kwa nini zege la moja kwa mbili kwa nne lina nguvu kuliko lililokisiwa kwa macho anafundisha uwiano. Wao pia wanahitaji kukutana na wenzao na kutazamana kazini.

Haja hiyo imeongezeka tangu Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi walipoingia Gredi ya 10. Sekondari Pevu ina mikondo mitatu: STEM, Sayansi za Jamii, na Sanaa na Michezo. Wizara ilitarajia karibu asilimia 60 ya wanafunzi wafuate STEM, na baada ya mjadala wa umma mwaka 2025 iliamua kwamba Hisabati itasomwa na wote, kwa uzito tofauti: iliyo kamili kwa wa STEM, na nyepesi zaidi kwa mikondo mingine miwili. Wakati huohuo wanafunzi wa mwisho wa 8-4-4 watafanya KCSE mwaka 2027. Kwa hivyo mwalimu mmoja huweza kutoka darasa la mtaala wa zamani na kuingia la mtaala mpya siku hiyohiyo, na kila upande unamtaka afundishe kwa namna yake.

Mzazi anayetaka kujua kama mafunzo yanafika kwa mtoto wake hahitaji kujua fizikia. Afungue daftari. Kama kurasa zote ni maelezo yaliyonakiliwa, bila makadirio, bila vipimo vilivyochukuliwa na mwanafunzi mwenyewe, bila kosa lililokatwa na kusahihishwa, kuna swali la kupeleka shuleni. Amuulize mtoto ni jaribio gani walilofanya mwezi huu na ni nani aliyeshika vifaa. Mara nyingi jaribio hufanywa na mwalimu mbele, na wanafunzi 50 wakatazama migongo ya wenzao.

Maswali kuhusu shule za msingi na za upili yapelekwe kwanza kwa mwalimu mkuu au kwa mwakilishi wa wazazi katika bodi ya usimamizi wa shule, na yasipojibiwa, kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Bodi inaweza kuulizwa mambo matatu yanayojibika: ni walimu wangapi wa Hisabati na Sayansi waliohudhuria mafunzo mwaka huu, kama waliporudi waliwaonyesha wenzao walichojifunza, na kama ratiba ya shule ina saa yoyote katika wiki ambayo walimu wa somo moja wanaweza kukaa pamoja. Maswali kuhusu chekechea na vyuo vya ufundi yapelekwe kwa ofisi ya msimamizi wa wadi.