Mipaka ya Wastani wa Mtihani katika Kulinganisha Shule za Msingi za Umma: Mfano wa Kaunti ya Turkana, Kenya
Hadi mwaka 2023, ulipofanywa kwa mara ya mwisho, mtihani wa KCPE wenye jumla ya alama 500 ndio uliokuwa kigezo kikuu cha kulinganisha shule za msingi za umma nchini Kenya. Katika kaunti kame ya wafugaji kama Turkana, kigezo cha wastani kina kasoro mbili. Ya kwanza ni ya kihesabu: katika shule yenye watahiniwa 10, mmoja wao akipungukiwa na alama 100, wastani hushuka kwa alama 10, penye watahiniwa 100, hushuka kwa alama 1 tu. Ya pili ni kuwa wastani huwahesabu waliofika kwenye chumba cha mtihani pekee. Mtoto aliyeacha masomo wakati ukame ulipoihamisha familia pamoja na mifugo haonekani popote, na shule iliyompoteza huweza kuonekana bora kuliko jirani yake iliyojitahidi kumbakiza. Kwa kuwa Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ulinganisho wa haki sharti uanze na walioandikishwa, ufuate waliobaki, na uzingatie walimu, maji na chakula cha shuleni kabla ya kutaja alama.